Asubuhi Kaa Walipotoka Majini

Asubuhi ile kaa wote wa kijito walikutwa nje ya maji. Hawakuwa wamekufa. Walikuwa wamepanda ukingoni, wengine wamejibana kwenye mashina ya migomba, wengine wametulia katikati ya njia ya watu, na mmoja alikutwa ndani ya kiatu cha mpira kilichoachwa nje ya mlango. Habari ya kiatu nilisimuliwa na wanawake kadhaa, kila mmoja kwa wakati wake, na hawakupishana. Samaki wadogo, wale wa urefu wa kidole, walikuwa wanaelea tumbo juu kwenye vidimbwi. Maji yenyewe yalikuwa maangavu kuliko siku nyingine yoyote, na yalikuwa na harufu.

Kwa watu wa mteremko ule, kaa ni kipimo. Mtu akifika kuchota, kabla hajazamisha ndoo huinua jiwe kwa ncha ya mguu. Kaa akikimbia, anachota. Asipomwona, anasogea jiwe la pili. Nimewaona watoto wa shule wakifanya hivyo huku wakizungumza mambo mengine, kama mtu anayefuta miguu mlangoni bila kufikiri. Basi kaa walipoyakataa maji, na watu waliyakataa. Hakuna aliyechota. Wanawake walivuka kilima kwenda bonde la jirani, wakarudi na ndoo kichwani na hasira mdomoni.

Kufikia mchana neno utupa lilikuwa limekwisha kusemwa. Utupa ni mmea ambao majani yake yakipondwa na kutiwa kwenye maji, samaki hulewa na kuelea, mtu akawaokota. Serikali imeukataza, na kila mtu anaujua. Kufikia jioni neno lilikuwa limepata wenyewe: familia za Warundi waliokuwa wamejenga vibanda chini ya kivuko.

Wakati huo nilikuwa mpimaji wa maji mjini Kigoma, nikiishi Rusimbi. Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja chenye kabati la chupa, meza yenye sinki, na jokofu lililofanya kazi umeme ulipotaka. Kazi haikukosekana miaka ile. Boti zilikuwa zinashusha watu kutoka Burundi, baadaye na kutoka Kongo, na ufukweni watu walilala chini ya maturubai wakisubiri malori ya kuwapeleka kambini. Penye watu wengi na vyoo vichache kipindupindu hakikawii. Kilianzia kwenye mialo ya wavuvi, kikapanda. Mimi na bwana afya tulizunguka vijijini tukifundisha jambo moja tu: tia dawa kwenye maji ya kunywa, ndoo kwa ndoo, subiri nusu saa, kunywa.

Dawa yenyewe ilikuwa klorini ya unga, iliyoletwa kwenye ndoo ndogo nyeupe zenye mfuniko wa kuzungusha. Katika kila sehemu ya kuchotea tulimweka mtu mmoja. Alikoroga unga kidogo kwenye dumu la maji, akavuta maji hayo kwa bomba la sindano lisilo na sindano, akayatia kwenye ndoo ya kila aliyechota. Kwenye kivuko cha kijito hiki kazi hiyo ilipewa mama mmoja Mrundi, mrefu, mwenye sauti ya chini, ambaye kwao alikuwa amesaidia kwenye zahanati. Watu wa chini ya kivuko walikubali dawa. Watu wa juu, wenyeji wenye mashamba ya kahawa, waliikataa.

"Maji yetu yana kaa," mwenyekiti wa kijiji alituambia siku ya somo, na watu wakapiga makofi. "Dawa wape wagonjwa."

Siku hiyo hiyo, kutoka nyuma ya mkutano, sauti ya mtu ambaye sikumwona iliuliza swali nililokuwa nimelisikia karibu kila kijiji: "Sasa kama maji yote yanatoka kwenye jicho moja la maji, kwa nini msiitie dawa yote huko juu mara moja, mkapumzika?" Bwana afya alicheka, akasema maswali yatafuata baadaye. Mvua ikaanza, na hiyo baadaye haikufika.

Siku chache baada ya kaa kutoka niliitwa. Nilipanda milimani, Kalinzi, kwa pikipiki, nikashuka kwa miguu kwenye njia ya mashamba nikiwa na mkoba wangu: kipimajoto, wavu wenye mpini, trei nyeupe, kikasha cha kupimia klorini, na buti. Kuna baridi kule juu ambayo watu wa ziwani hawaiamini mpaka waisikie. Mwenyekiti alikuwa ananisubiri kivukoni pamoja na watu wengi, wenyeji upande mmoja wa njia, Warundi upande wa pili. Alikuwa mtu wa makamo, kofia ya kitambaa, fimbo ya kutembelea ambayo hakuihitaji.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba. Tuliomba bwana maji."

"Bwana maji amehamia Kasulu. Bibi maji ndiye huyu."

Alinitazama kuanzia buti hadi kitambaa cha kichwani, kana kwamba hakuwahi kuniona siku ya somo. "Haya. Bibi maji, kazi yako nyepesi. Utupa huu hapa." Akanyanyua tawi lenye majani mabichi. "Umekatwa nyuma ya vibanda vyao. Andika hivyo. Ijumaa malori yanapita kupeleka wakimbizi wa ziwani kambini, na hawa wapakiwe humo humo."

Yule mama wa dawa alikuwa amesimama mbele ya wenzake, mikono ameifunga kwenye kanga. Nilimjua, kwa hiyo nilijua malori yalikuwa na maana gani kwake. Mumewe alikuwa amebaki Burundi kumuuguza mama yake. Habari pekee aliyoweza kumpelekea, kwa mdomo wa watu waliokuwa wanarudi kutafuta ndugu zao, ilikuwa hii: niko kwenye kivuko cha kijito, chini ya mashamba ya kahawa. Wakati ule watu walipotezana kambini kwa miaka, mmoja upande huu wa uzio, mwingine kambi ya pili. Kivuko kile kilikuwa ndiyo anwani yake.

Nilimwuliza mwenyekiti kama utupa unaota kwa Warundi peke yao.

"Hata kwangu upo," alijibu mzee mmoja kutoka nyuma, mwenye shamba la kahawa la juu kabisa. "Nafukuzia fuko."

"Mzee, hujaulizwa."

"Nimejibu kabla ya kuulizwa, niwahi kwenda zangu."

Watu walicheka, pande zote mbili za njia. Nikavaa buti vizuri, nikashuka.

Sikuanzia kivukoni. Kijito husomwa kutoka chini kwenda juu, kwa sababu ukipita juu kwanza unachafua kile unachotaka kukiona chini, na pia kwa sababu ukipanda unaelekea kwenye chanzo cha jambo. Nilishuka hadi karibu na kijito kinapopanuka kuelekea ziwani, nikaanza. Nilipima joto, yalikuwa maji ya baridi ya kuuma vifundo, kama kawaida yake. Nilipima klorini. Kwenye kikasha changu maji yenye klorini hugeuka rangi ya waridi. Haya hayakugeuka. Sikushangaa, kwani zilikuwa zimepita siku, na maji yaliyobeba kosa lile yalikuwa yamekwisha kumwagika Tanganyika. Kwa kesi ya namna hii maji ni shahidi aliyekwisha safiri. Nilikwenda kwa waliobaki, yaani wanaoishi chini ya mawe.

Kazi ni hii: unasimama mkondoni, unauweka wavu chini yako, unasugua mawe kwa mguu na kwa mkono ili vilivyong'ang'ania viachie, mkondo uvipeleke kwenye wavu. Kisha unamwaga kwenye trei nyeupe na kutulia. Mwanzoni unaona takataka tu. Halafu takataka zinaanza kutembea. Kuna mabuu bapa yenye mikia mitatu, yanayolala juu ya jiwe kama yamepigwa pasi. Kuna wengine wenye mikia miwili na makwapa yenye manyoya ya kupumulia. Hawa hawavumilii uchafu hata kidogo, wanataka maji baridi yenye kasi. Kuna wanaojenga nyumba ya vipande vya mchanga na kuibeba mgongoni. Na kuna minyoo myekundu, ambayo huishi popote, hata kwenye mtaro wa soko, kwa hiyo kuiona hakukuambii kitu. Ukiwajua wanaostahimili na wasiostahimili, trei inakueleza kijito kimekula nini mwezi mzima uliopita.

Wanawake walinifuata ukingoni.

"Bibi maji, utawapika?"

"Wakikubali."

"Serikali ina hela. Inalipa mtu ahesabu viroboto."

Chini kabisa trei ilikuwa na uhai, ingawa haba. Nilivyopanda uhai ulipungua. Karibu na vibanda vya Warundi nilipata mabuu yaliyokufa, yamelegea, rangi imeyatoka. Hapo mwenyekiti alitaka nisimame.

"Umeona. Hapa ndipo walipotilia."

"Nimeona hapa wamekufa. Sijaona wameanzia wapi kufa."

"Juu ya kivuko ni kwetu. Ni safi."

"Nitaandika ni safi nikishaona."

Nilivuka kivuko. Kulikuwa na sheria pale, ya mdomo tu lakini kila mtu aliifuata: wenyeji huchota juu ya kivuko, wakimbizi chini. Mrundi hakupita juu ya kivuko hata kutafuta kuni. Yule mama wa dawa alisimama kwenye jiwe la mwisho la upande wake kama aliyefika ukutani. Nilimwomba mwenyekiti anipe mtu wa kushika wavu, maana mkondo ulikuwa mkali, nikamtaja yeye kwa sababu alikwisha kufanya kazi nami. Mwenyekiti alifikiri kidogo, akainua fimbo kama anayefungua geti. "Apite. Mbele ya macho yangu."

Juu ya kivuko nilitembea juu ya mawe kwa haraka, na ilichukua muda kabla sijagundua kwamba sijateleza. Nilisimama. Mawe ya kijito kile yana utando wa kijani, na mtu wa mjini hawezi kuvuka bila kuteleza na kukaa chini angalau mara moja; mimi mwenyewe nilikuwa nimekwisha kukaa mara nyingi. Niliinama nikalishika jiwe. Halikuwa na utelezi mkononi, kama sahani iliyosuguliwa kwa jivu. Utando ulikuwa umenyauka, rangi yake imekuwa nyeupe, ukabanduka chini ya ukucha.

Utupa hauwezi kufanya hivyo. Utupa humkaba samaki na mdudu pumzi, lakini utando wa jiwe, ambao ni jamii ya majani, haujali. Na anayetia utupa anataka samaki. Asingewaacha wote waoze. Tena huponda majani kwenye jiwe, na makapi yake hubaki yamenasa. Nilikuwa nimetafuta makapi njia nzima bila kuona hata jani moja.

Nilimtazama mama aliyeshika wavu. Naye alikuwa analitazama jiwe.

"Unajua ni nini," nilimwambia kwa sauti ya kawaida, maana maji yalikuwa yanapiga kelele na mwenyekiti alikuwa ukingoni.

"Ego, ndiyo, dada. Nilijua asubuhi ile ile. Nashika harufu ile kila siku, inalala na mimi kwenye nguo."

"Ukanyamaza."

"Ningesema ni dawa, wangeuliza dawa anayo nani." Alinyoosha wavu, ingawa ulikuwa umenyooka. "Nilikuwa na ndoo mbili kwenye kibanda. Moja ilikuwa imeondoka kabla ya kaa kutoka. Kibanda changu ni cha nyasi, mlango ni gunia. Nilisema nitaitafuta kimya kimya, nisinyang'anywe kazi. Halafu kaa wakatoka."

Nilichokuwa nacho mkononi kilikuwa kinamwondolea mashtaka ya utupa na kumtwika mengine mazito zaidi, ya dawa iliyokuwa chini ya ulinzi wake. Nikaona kwamba kitu pekee kitakachomsaidia ni kukamilisha njia hadi mwisho, bila kuruka hatua, ili nikisimama mbele ya watu nisiwe na pengo la mtu kupitia.

Juu kidogo kijito kinapokea mkono mwembamba kutoka kushoto, kutoka kwenye korongo lenye mianzi. Hapo niliona jambo ambalo nimelisimulia mara nyingi kwa wanafunzi. Chini ya makutano, kwa urefu wa kama nyumba tatu, maji ya mikono miwili hutembea sambamba kabla ya kuchanganyika. Nikasugua mawe ya upande wa kushoto: trei ilichemka. Mikia mitatu, mikia miwili, wajenzi wa nyumba za mchanga, kaa mdogo mwenye hasira. Nikasugua upande wa kulia, hatua chache tu kutoka pale: maiti na mawe meupe. Nilimwita mwenyekiti ashuke aone. Alivua viatu, akakunja suruali, akaingia. Nikampa jiwe la kushoto mkono wa kushoto na jiwe la kulia mkono wa kulia. Aliyageuza, akayasugua kwa kidole gumba.

"Kwa hiyo mkono wa kushoto haujaguswa," alisema.

"Haujaguswa."

"Na huu mwingine unatoka kwenye jicho letu."

"Twende tukaone."

Jicho la maji liko ndani ya shamba la yule mzee wa fuko, chini ya mwamba, juu ya kila nyumba. Maji hutoka hapo kimya kimya kwenye dimbwi la ukubwa wa kitanda. Mzee alikuwa amekwisha kutangulia, amekaa kwenye mzizi. Jani lililokuwa limeangukia dimbwini lilikuwa jeupe kabisa, mishipa yake inaonekana kama uzi. Kwenye mpasuko wa mwamba palikuwa na ukoko mweupe ambao maji hayakuufikia. Niliukwangua kwa kijiti, nikautia kwenye chupa ndogo yenye maji, nikaweka kidonge cha kupimia. Iligeuka waridi kali, mara moja. Watu waliokuwa wametufuata walisogea.

Lakini kilichonishika zaidi ni kwamba pale palikuwa safi. Nyasi kuzunguka dimbwi zilikuwa zimekatwa. Majani makavu yalikuwa yamekokotwa na kurundikwa pembeni, na ardhi ilikuwa bado na mistari ya ufagio wa vijiti. Nilimwuliza mzee.

"Jicho hufagiwa kabla ya kuvuna kahawa," alisema. "Kila ukoo na mwaka wake. Hufagiwa na watu wa hapa tu, na kwa utaratibu. Mwaka huu bado hatujafagia."

"Sasa nani amefagia?"

"Si mimi. Mgongo wangu huu, ningefagia ningeimbiwa na kijiji kizima."

Ndani ya rundo la majani makavu mama wa dawa aliona kitu, akainama, akasita, akaniangalia. Nilimwambia aokote. Ulikuwa mfuniko mweupe wa ndoo. Juu yake palikuwa na mikwaruzo miwili ya msumari iliyopishana, kama msalaba uliolala.

Angeweza kunyamaza. Wengine wote hawakujua mikwaruzo ile ni ya nini, na mimi nilikuwa sijui. Aligeuka akawatazama watu waliojaa kwenye migomba, akasema kwa Kiswahili chake cha polepole ili kila mtu asikie:

"Alama hii niliweka mimi. Ndoo zangu zote zina alama hii, mfunikoni na ubavuni. Hii iliibwa kwangu."

Mwenyekiti alivuta pumzi. "Kwa hiyo dawa ni yenu."

"Ndoo ni yangu. Mkono si wangu."

"Tutajuaje?"

Hapo walinigeukia mimi, na nilikuwa tayari. Sikupaza sauti. Niliwaeleza kwa mpangilio niliopanda nao. Kwamba si utupa, na kwa nini. Nikawapitishia mawe mengine mawili niliyobeba kutoka makutano. Kwamba kilichoua ni klorini, ndoo nzima, dawa ile ile inayomwokoa mtu ikitiwa kwa kipimo kwenye ndoo ya maji, na ambayo kwa wingi ule hukausha hata utando wa jiwe. Kwamba imetiwa hapa, juu ya kila mtu, si kivukoni. Kwamba aliyetia alifagia kwanza. Mtu anayetaka kuua watu hakati nyasi, hakokoti majani, hafuati desturi ya jicho. Huyu alikuja kama watu wa hapa wanavyokuja. Alikuwa amesikia somo letu, akaona kutia ndoo kwa ndoo ni kujisumbua, na akaamua kuwatilia watu wote kwa pamoja, wa juu na wa chini. Alitaka kuwakinga.

Mwanamke mmoja alipanga upya kanga ya mtoto mgongoni, ingawa mtoto alikuwa amelala vizuri. Nilizitazama nyuso zile, na naweza kusema kwa uhakika kwamba wengi wao walikuwa wamewahi kulifikiri lile swali la siku ya somo, na angalau mmoja alikuwa amelijibu. Lakini kijiji hicho ndicho kilichokuwa kimepiga makofi dawa ilipokataliwa. Kukiri kungekuwa kusema mbele ya majirani: niliicheka dawa pamoja nanyi mchana, nikaogopa nikiwa peke yangu.

"Kuna mwenye la kusema?" mwenyekiti aliuliza.

Watu waligeuka kumtazama mzee wa fuko.

"Mzee?"

"Mimi nilijibu asubuhi bila kuulizwa, habari za fuko."

Mwenyekiti aliniomba pembeni. Alikuwa bado ameshika mawe yake mawili na nadhani alikuwa ameyasahau. "Bibi maji, ukiandika hivyo, wilayani watasema kijiji changu kimejitilia sumu chenyewe."

"Nitaandika kwamba klorini ilitiwa kwenye chanzo bila kipimo. Sitaandika kijiji wala kabila, kwa sababu sijaona mkono. Lakini mahali ilipotiwa nitapaandika."

"Na utupa?"

"Hakuna utupa."

Aliyaweka mawe chini, moja moja. "Basi Ijumaa malori yapite na njia yake," alisema. Kisha, kwa sauti ya kusikika na watu, akaongeza kwamba jicho litazungushiwa uzio na funguo zikae kwake, na kwamba yule mama atapewa kibanda chenye mlango wa mbao. Mtu mmoja aliuliza mbao zitatoka wapi. "Kwako," mwenyekiti alimjibu, "umeuliza kwa haraka."

Malori yalipita barabara ya juu siku hiyo bila kusimama. Mwezi haukuisha kabla ya watu wa juu ya kivuko kuanza kushuka, mmoja mmoja, na kusimama kwenye foleni ya bomba la sindano. Hawakueleza kwa nini. Yule mama hakuwauliza. Alivuta, akatia, akasema subiri nusu saa, kama alivyowaambia wengine.

Mimi nilirudi kila msimu kusugua mawe, nusu kwa kazi, nusu kwa kupenda. Utando wa kijani ulirudi kwanza, nikakaa chini kivukoni mbele ya watu na wakafurahi. Kisha wakarudi wenye mikia mitatu. Kaa walishuka kutoka mkono wa kushoto, wakajigawia mawe. Wenye mikia miwili walichelewa sana, lakini asubuhi moja walikuwa kwenye trei, wawili, wamejibana pembeni, na niliwaonyesha wanawake kama mtu anayeonyesha mapacha. Mwenyekiti mwenyewe alianza kuinua mawe kwa fimbo yake na kuniambia nani yupo.

Mume wa yule mama alifika msimu wa mahindi mabichi. Alikuwa ameulizia njia kuanzia ufukweni, na kila aliyemwuliza alimjua mama wa dawa wa kivukoni. Alimkuta pale pale, foleni mbele yake, na nilisimuliwa kwamba mkewe alimwambia asubiri amalize ndoo tatu zilizobaki.

Walipoondoka kurudi kwao, miaka baadaye, yule mama alinipa ule mfuniko wenye mikwaruzo. Nafunikia mtungi wa maji nyumbani, Rusimbi. Ndoo yake nimeitafuta kwa macho katika kila ua nililopita kwenye mteremko ule: penye kahawa inayolowekwa, penye kuku, penye mboga. Ndoo nyeupe ni nyingi, na zote zina mfuniko. Isiyo na mfuniko, yenye mikwaruzo miwili ya msumari ubavuni, hakuna aliyewahi kuiona.